Pua ya Gari la Babu

Breki za gari zikipata moto kupita kiasi hunuka kama ukwato wa ng'ombe uliotupwa mekoni. Mimi niliunusa ukwato huo nikiwa na miaka minane, labda tisa, ukakaa puani mwangu miaka yote hii, na Jumapili ya wiki mbili zilizopita nikaukuta tena kwenye sweta ya mwanangu Ombati. Ana miaka minne. Aliteremka kutoka gari la babu yake, baba wa mume wangu, akanikimbilia nilipokuwa nimeketi nikichambua mboga.

"Mama, tumeruka!" akasema. "Babu amesema mimi ndiye ninayeshika gari lisipae."

Ungo ulinitoka mapajani, mboga zikamwagika. Nilimvua mtoto sweta nikaitumbukiza kwenye karai, nikaifua mpaka vidole vikaniuma, nikaianika, nikaenda kuinusa tena kabla haijakauka. Ukwato ulikuwa bado uko. Tangu siku hiyo sikai. Nikiketi, miguu inanicheza. Nikipika, naunguza. Kwa hiyo acha niseme yote, kuanzia kwa babu yangu mimi, maana maneno aliyoambiwa mwanangu niliambiwa mimi kwanza, na najua yanakoishia.

Nilizaliwa Nyakoe. Babu yangu mzaa baba alikuwa na duka la vitambaa na baiskeli Kisii mjini, na alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Uhuru ulipokuja, Mzungu mmoja wa mashamba ya chai aliyekuwa akirudi kwao alimuuzia gari la Kimarekani. Ninyi mnaolingana nami mnakumbuka magari ya siku zile: mengi yalikuwa madogo, ya duara, yanakohoa mlimani. Hili halikukohoa. Lilikuwa la buluu, lenye mstari mweupe katikati kutoka mbele hadi nyuma, na pua ndefu kuliko kitanda changu. Likiwa limesimama tu, injini inawaka, lilinguruma kwa chini kama fahali anayekwaruza ardhi kabla ya kupiganishwa. Kuku wetu hawakulizoea kamwe. Bibi, mkewe babu, alilizunguka mara moja, akasema, "Mimi na hiki kitu tutaonana ahera," na hakulipanda mpaka mwisho wake.

Lilikuwa na milango miwili tu. Mtu wa nyuma lazima kiti cha mbele kikunjwe ndipo aingie, na akishaingia hana mlango wake. Amefungiwa.

Sasa, waliolitengeneza gari hilo hawakujua habari ya chinsoni. Kwetu, chinsoni ni ile heshima iliyo baina ya watu wasiopaswa kuzoeana, na kubwa kuliko zote ni ya mke na baba mkwe wake. Hawakai bega kwa bega. Hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Hawarushiani maneno, sembuse kugombana. Lakini babu na mjukuu ni kinyume, wanataniana wanavyotaka. Babu aliniita mke wangu. "Mke wangu, umenipikia nini leo?" Nami namjibu, "Nimekupikia mawe, mzee, meno unayo?" Watu wanacheka, yeye ndiye wa kwanza.

Baba yangu alikuwa karani kiwandani Kericho na alikuja mara moja kwa mwezi. Mama akiwa na safari, basi, wa kumpeleka ni babu. Nakumbuka jinsi alivyoingia garini. Babu alifungua mlango, akaenda zake nyuma ya ghala la wimbi, akasimama huko akitazama mawingu kama mtu anayekisia mvua. Mimi nikakunja kiti. Mama akaingia kinyumenyume, ameshika gauni, akajibana kwenye kona ya nyuma iliyo mbali kabisa na usukani. Nikarudisha kiti, nikakaa mbele. Babu akakohoa mara mbili kule ghalani ili tujue anarudi. Mama akajifunika kitambaa hadi kwenye nyusi. Ndipo tukaondoka, watu watatu ndani ya gari moja, wawili wakijifanya hawako pamoja.

Nilidhani kila gari duniani hupandwa hivyo.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa. Injini yake nzito na yenye nguvu ilikuwa mbele, mkia wake mwepesi. Mvua ikinyesha, barabara ikiwa matope, mkia ulicheza huku na huku kama wa mbwa anayeona chakula. Babu akaona dawa. Alikwenda Tabaka kwa wachongaji, akarudi na vipande vikubwa vya yale mawe laini wanayochongea vinyago, kila kipande ukubwa wa mto wa kulalia, akavipanga ndani ya buti, kule nyuma kwa mizigo. Havikufungwa na kitu. Mkia ukatulia. Babu akafurahi kama aliyeshinda kesi.

Mjini kulikuwa na fundi Mhindi tuliyemwita Singa. Alikuwa mtu wa kilemba na mikono myeusi kwa grisi, na alizungumza na babu kama ndugu. Siku moja alifungua buti akasimama.

"Mzee, nani amejenga nyumba humu?"

"Mawe ya Tabaka. Mkia ulikuwa unacheza."

"Kwa matope ni sawa. Kwa lami, ukikimbia, hapana." Akachukua spana ndefu, akailaza juu ya kidole chake, akagusa ncha moja. Ncha ya pili ikainuka. "Unaona? Umebonyeza mkia, pua inapanda. Na bado kuna upepo. Hii pua ni refu, iko wazi hapa chini. Gari ikienda mbio upepo unaingia, unakosa pa kwenda, unasukuma juu. Na tairi gani inapinda kona?"

"Ya mbele."

"Haya. Tairi ya mbele ikigusa chini kidogo kidogo tu, utazungusha usukani mpaka kesho. Gari itaenda inakotaka. Na breki ya hii gari ni ndogo kuliko injini yake. Ukiitumia sana inalainika kama sabuni."

Babu akasugua kidevu. "Basi nahitaji uzito mbele."

"Unahitaji mguu mwepesi, mzee."

Babu akacheka, akanipiga begani. "Mbele ninaye mke wangu. Huyu ndiye atashika pua."

Singa hakucheka. Alinitazama mimi. Tulipokuwa tunaondoka akasogea dirishani akaniambia nitoe mkono nje tukishika lami, niunyooshe, vidole pamoja, kisha niinue ncha za vidole kidogo tu. Nilifanya hivyo. Mkono ukaruka juu wenyewe kama ndege aliyeshtuliwa. Nikaurudisha chini, nikainua vidole tena, ukaruka. Bega likaniuma kwa kuushusha.

Nadhani alitaka nimwambie babu. Mimi nilielewa jambo jingine kabisa. Nilielewa kwamba gari letu linataka kupaa, kwamba babu anajua, fundi anajua, na kwamba kazi ya kulizuia nimepewa mimi. Mtoto wa kike wa darasa la pili! Wenzangu walipewa kazi ya kuchota maji.

Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilianza kula ugali hadi bibi akauliza kama nina minyoo. Niliokota vipande vya mawe ya Tabaka vilivyobaki uani, vilivyokuwa laini na vyenye kuteleza kama sabuni, nikavijaza kwenye mifuko ya sketi yangu ya shule, miwili huku, mitatu kule, sketi ikanining'inia. Ndani ya gari nilikanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, nikaziba pumzi kwenye miteremko. Na ajabu, kila mara tulifika. Kila tulipofika babu alisema, "Umeshika vizuri, mke wangu," nami nikatembea kifua mbele, mawe yakigongana mifukoni, nikiwadharau watoto wote wa Nyakoe ambao hawakuwa wanashika kitu.

Kazi ya pili niliyokuwa nayo ni ya mdomo. Mama hawezi kusema na babu, babu hawezi kusema na mama, na gari ni chumba kidogo. Wote walisikiana vizuri tu. Lakini neno lilipaswa kupita kwangu.

"Mwambie babu yako dirisha lina baridi," Mama anasema nyuma yangu.

"Babu, Mama anasema dirisha lina baridi."

"Mwambie mama yako nimelifunga."

"Mama, amelifunga."

Nilipenda kazi hiyo kuliko zote. Watu wazima wawili hawawezi kufanya lolote bila mimi. Na wakati mwingine, niseme ukweli, niliongeza chumvi. Mama akisema kiu, nilisema njaa, babu akasimama Suneka kutununulia maandazi. Hakuna aliyenisahihisha. Mama angenisahihishaje? Ingekuwa ni kumsemesha.

Siku yenyewe ilikuwa ya kumpeleka mdogo wangu kwa wazazi wa mama, upande wa Nyamira, wamwone. Alikuwa na miezi minne, mwanamume wa kwanza, mwenye mikunjo miwili shingoni iliyonuka maziwa. Buti lilijazwa kama ghala: mikungu miwili ya ndizi, gunia la wimbi, na chini yake yale mawe. Nyuma ya gari ilikaa chini, mbele ikatazama juu, na hata mimi niliona kwamba linafanana na kuku anayekunywa maji.

Asubuhi hiyo Mama alinivika gauni jeupe la kwendea ugeni. Halikuwa na mifuko. Nililia, nikasema nataka sketi ya shule. Mama akasema siendi kwa wazazi wake nimevaa kama mchunga mbuzi. Mawe yangu matano niliyaacha juu ya dirisha la jikoni, yamepangwa mstari.

Kutoka kwetu kwenda mjini kulikuwa na kipande cha lami mpya, nyeusi tiii, kinachoteremka moja kwa moja kabla ya kona. Mvua ya usiku ilikuwa haijakauka. Babu alipoiona lami iko tupu, mabega yake yakashuka, akavuta pumzi. Nilijua maana yake. Nilifurahi na kuogopa kwa kipimo kimoja.

"Mwambie babu yako mtoto anapigwa na upepo," akasema Mama.

Nikamwambia. Babu akafunga dirisha, mguu hakuuondoa.

"Mwambie babu yako barabara ina maji."

Nikamwambia. "Mwambie mama yako hili si punda," akasema babu, "halisimami kwa sababu ya dimbwi." Nikacheka. Mshale wa kipimo cha mwendo, ule mwekundu, ulikuwa umefika mahali ambapo sijawahi kuuona. Ilibaki nafasi ndogo tu upite tarakimu ya mwisho niliyoijua. Nilitaka upite. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka ule mshale mwekundu upite.

"Mwambie apunguze," akasema Mama. Sauti yake ilikuwa tofauti. "Nyaboke. Mwambie sasa."

Nikageuka kwa babu. "Mama anasema mtoto amelala, hana shida."

Babu akacheka. "Mtoto wa kiume huyo!" Akakanyaga.

Nilihisi kiti kikinigonga mgongoni, du, du, du. Nikafikiri ni moyo wa gari, umefurahi kama wetu. Kisha mngurumo wa tairi ukapungua. Hilo ndilo jambo ambalo sijawahi kuweza kumweleza mtu: tulivyozidi kwenda mbio ndivyo chini kulivyokuwa laini, kama gari limevua viatu. Kona ikaja. Babu akazungusha usukani, ukazunguka bila kazi, mwepesi kama kifuniko cha sufuria, na gari likaendelea mbele kana kwamba halijaambiwa kitu. Akakanyaga breki. Ukwato ukanuka. Nilizika nyayo zangu sakafuni kwa nguvu zote na nikakumbuka mifuko. Sina mifuko. Nilisema kwa sauti, "Mawe yangu!"

Tulitoka barabarani, tukaruka mtaro, tukaangukia ndani ya shamba la chai.

Babu alikuwa mzima. Alikuwa na wimbi kwenye nywele. Mimi nilivunjika meno mawili ya mbele. Lakini gari liliposimama, vile vya butini havikusimama. Jiwe moja lilipita kwenye mgongo wa kiti cha nyuma. Lilimkuta Mama kiunoni, na Mama alikuwa amemkumbatia mtoto.

Mtoto hakulia. Ndivyo nilivyojua.

Kiti changu kilikataa kukunjika. Babu alizunguka upande wa pili, akafungua mlango wake, akainama, akanyoosha mikono ndani. Nilimwona. Mikono ilifika karibu na mabega ya Mama ikasimama hewani. Aliirudisha. Akainyoosha tena, akairudisha. Kisha akasimama wima kando ya gari akaanza kuwaita wanawake waliokuwa wakichuma chai mbali huko kilimani. "Njooni! Njooni mumtoe mke wa mwanangu!" Wakatupa vikapu wakakimbia, na kilima ni kilima. Mpaka walipofika, yeye alikuwa amesimama, analia, amegeuza uso, kwa sababu gauni la Mama lilikuwa limepanda juu ya magoti.

Naandika haya na kalamu inatoboa karatasi.

Mdogo wangu alizikwa nyuma ya nyumba yetu. Mama alirudi kutoka hospitali akitembea upande mmoja, na hakuzaa tena. Gari lililetwa likivutwa na trekta, likafunikwa turubai karibu na ghala la wimbi, kuku wakataga mayai ndani yake. Watu walisema ni jicho la watu, wivu, babu alikuwa amejionyesha mno. Babu mwenyewe aliwaambia wote waliokuja kumpa pole, "Pua iliinuka." Basi. Kama mtu anayesema mvua ilinyesha. Kama vile pua ilikuwa na mguu wake yenyewe wa kukanyagia.

Siku ya tatu baada ya Mama kurudi, babu aliniita ghalani.

"Nenda umwambie mama yako," akasema, akachezea kofia. "Mwambie pole."

Nikaenda. Mama alikuwa amelala, uso umeelekea ukutani. "Babu anasema pole."

"Mwambie nimesikia."

Wakaishi bomani pamoja miaka mingine tisa, na ninavyojua mimi, hayo ndiyo mazungumzo yao yote kuhusu mtoto yule.

Nami? Mimi nilijua nani aliyemuua. Ni mimi, kwa kuacha mawe matano juu ya dirisha la jikoni. Sikumwambia mtu. Niliyachukua nikayatembeza mifukoni mpaka darasa la saba, na msiniulize nilikuwa nashika nini chini.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wa fizikia alilaza rula juu ya kifutio akapanga vipande vya chaki huku na huku, akatuonyesha jinsi uzito wa mkiani unavyoinua kichwa. Spana ya Singa, ile ile. Nilichukua daftari nikapiga hesabu zangu mwenyewe: gari, gunia, mikungu, mawe ya buti, kisha mawe yangu matano. Mawe yangu hayakuwa kitu. Hata mimi mzima sikuwa kitu. Ningekula ugali wote wa Nyakoe, pua ingeinuka tu, kwa mwendo ule, kwa mzigo ule, kwa upepo ule. Nilikaribia kucheka darasani. Miaka saba ya mzigo ilinitoka mabegani kwa dakika moja.

Halafu, mawe yalipoondoka, nikaona kilichokuwa kimefichwa chini yake. Mama anasema mtoto amelala, hana shida.

Nilikuwa nimeisahau kabisa sentensi hiyo. Naapa. Nilikuwa nimeshika mawe kwa nguvu ili nisiishike.

Mama sikumuuliza mpaka nilipojifungua Ombati, alipokuja kwetu Kenyenya kumwogesha. Alikuwa ameketi ameegemea upande mzima wa kiuno, mtoto kwenye mapaja, maji ya vuguvugu kwenye beseni.

"Mama, siku ile. Ulisikia nilichomwambia babu?"

Aliendelea kumwagia mtoto maji. "Nilikuwa nyuma yako. Nisisikie nina pamba?"

"Kwa nini hukupiga kelele mwenyewe?"

"Kumpigia baba mkwe kelele?"

"Mama! Tulikuwa tunakufa!"

"Nilifungua mdomo, Nyaboke. Sauti haikujua njia ya kupita." Akamgeuza mtoto kifudifudi. "Nikagonga kiti chako. Mara tatu. Nilidhani utaelewa."

Du, du, du.

Nimewakasirikia wote. Nimemkasirikia babu, Mungu amweke pema, kwa mguu wake na kwa mikono yake aliyoirudisha. Nimemkasirikia Mama kwa mdomo wake. Nimejikasirikia mimi, halafu najikumbuka nilivyokuwa, mtoto mwenye mapengo na gauni jeupe, nakosa pa kuishusha hasira. Ndivyo nilivyo. Sasa rudini nami Kenyenya.

Baba wa mume wangu si mtu mbaya. Ni mnunuzi wa kahawa, mcheshi, mwenye gari jekundu la mbio, la milango miwili, na mguu mzito. Jumapili ile ya sweta nilimwambia mume wangu aseme naye.

"Niseme nini? Ni baba."

"Sema hivyo hivyo. Baba, punguza mwendo."

"Atasema nimefundishwa na mke."

"Si nimekufundisha?"

Akaenda kuwatazama ng'ombe.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na harusi Kisii mjini. Gari lilisimama uani linanguruma. Ombati alikuwa ameshakaa mbele, miguu yake haifiki sakafuni, anaikanyaga hewa kwa bidii. Baba mkwe alifungua mlango akaenda kusimama kwenye migomba, ametupa mgongo, ili mimi niingie nyuma. Kila kitu kilikuwa kama zamani, ila migomba mahali pa ghala.

Na mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, mnajua nilifanya nini? Nilisema, "Ombati, mwambie babu yako leo aende polepole."

Mtoto alinitazama. Macho yalikuwa yanang'aa. Niliyajua macho hayo kutoka ndani. Akatoa kichwa dirishani akapaza sauti: "Babu! Mama anasema twende mbio!"

Nilimnyanyua kwa kwapa nikampitisha nyuma. Kisha nikakaa mimi mbele, nikafunga mlango.

Baba mkwe alikohoa mara mbili, akaja, akashika mlango wake, akaniona. Aliuachia mlango kama aliyeshika sufuria ya moto. Mama mkwe, mlangoni pa jikoni, akaweka mkono kinywani, akakataa kwa lugha ya kwetu: "Yaya! Yaya, mke wa mwanangu!"

"Ombati," akasema baba mkwe, akitazama paa la nyumba, "mwambie mama yako amekosea kiti."

"Sijakosea, baba," nikasema mimi. Sauti ilipita. Ilitetemeka, lakini ilipita. "Mtoto wangu hashiki gari. Kikombe chenyewe bado kinamponyoka. Kama kuna cha kushika, nitakishika mimi, hapa hapa, kando yako, mpaka mjini."

Mume wangu alikuja mbio. "Shuka! Unatuaibisha!"

"Aibu haijawahi kumvunja mtu kiuno," nikamwambia. "Panda."

Hakuna aliyepanda. Mzee hawezi kukaa kando yangu, na mimi sishuki. Gari jekundu, lenye nguvu kuliko ng'ombe wote wa Kenyenya, likanguruma palepale mpaka mzee akanyoosha mkono dirishani, amegeuza uso, akazungusha ufunguo likazima. Alivaa kofia yake akaenda barabarani kutafuta basi, na mume wangu akamfuata. Mimi nilibaki nimekaa, miguu miwili sakafuni, na mwanangu nyuma akaanza kugonga kiti changu kwa magoti, du, du, akiuliza kwa nini hatuendi. Nikamjibu. Nilimjibu yote, taratibu, mpaka akasinzia.

Jana wazee walikaa. Wamesema nimevunja chinsoni mbele ya nyumba nzima na lazima nitoe mbuzi wa kutakasa. Wamesema pia, kwa sauti ya chini na bila kunitazama, kwamba mtoto asipandishwe tena mbele.

Mbuzi nitatoa. Nimeshamchagua, jike mweusi mwenye doa jeupe. Nitamshika kamba mwenyewe, Ombati atamfuata nyuma na fimbo, na tutampeleka kwa wazee kwa miguu, polepole, tukisimama kila anapotaka kula majani.